Bingwa Akishika Maiki Aseme Ukweli, Siyo Kupiga Debe

Pale Mkula ukitaja barafu, mtu anawaza ile ya mfuko wa nailoni, ya ubuyu au ya ukwaju, unang'ata kona unaanza kunyonya. Hakuna anayewaza uwanja mzima wa barafu, na mtu mzima juu yake amevaa viatu vyenye vyuma chini, anateleza, anaruka, anajizungusha hewani halafu anatua kwa mguu mmoja huku muziki unapigwa. Ndiyo maana jina la Dick Button halijawahi kuwa stori ya kijiweni kuanzia Bariadi mpaka Busega.

Lakini stori yake inawahusu sana vijana wanaoshinda na spika za masikioni wakisikiliza wachambuzi wa michezo. Button ni mfano mzuri wa bingwa anayetoka uwanjani na kwenda kushika maiki. Na jinsi alivyoishika ndiyo somo lenyewe.

Kwanza vyeti vyake, ili mtu asiseme alibebwa. Button alizaliwa mwaka 1929 New Jersey, Marekani. Mwaka 1948, akiwa na miaka 18 tu, alichukua dhahabu ya Olimpiki kule St. Moritz, Uswisi. Mwaka 1952 akaichukua tena Oslo. Akabeba pia ubingwa wa dunia mara tano mfululizo, na ubingwa wa Marekani mara saba mfululizo. Mpaka hapo tayari ni noma.

Kinachomtofautisha zaidi ni kwamba hakushinda kwa kurudia walichofanya wenzake. Kwenye ile Olimpiki ya 1948 aliruka na kujizungusha mara mbili na nusu hewani, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifanya mashindanoni. Na hapo alikuwa amekipatia mazoezini siku moja tu kabla. Mtu mwingine angesema ngoja nicheze salama, medali si ipo? Yeye akakirusha mbele ya majaji. Miaka minne baadaye akaja na mizunguko mitatu kamili, napo akiwa wa kwanza duniani. Huku nyuma alikuwa anasoma Harvard, na baadaye akamaliza na sheria hapohapo.

Kwa hiyo televisheni ilipomwita kutangaza Olimpiki ya majira ya baridi ya 1960, hawakuwa wanatafuta sura ya kupamba studio. Walikuwa wanatafuta jicho. Kuanzia miaka ya 1960 mwanzoni akawa sauti ya mchezo huo kwenye kituo cha ABC, na akaendelea kwa miongo kadhaa. Mwaka 1981 akapewa tuzo ya Emmy kama mchambuzi bora wa michezo.

Sasa alikuwa anafanya nini hasa? Mambo mawili. La kwanza, alifundisha. Mama aliyekaa sebuleni Marekani, ambaye hajawahi kukanyaga barafu maisha yake yote, aliambiwa ruko lile linaitwaje, mguu upi ulitakiwa kutua, kwa nini yule aliyeanguka bado ana pointi na kwa nini yule aliyesimama hana. La pili, alisema ukweli. Mtu akijikunja mgongo vibaya, akizunguka bila umbo, akiweka mikono ya kubahatisha, Button alisema palepale, hewani, nchi nzima ikisikia. Kuna waliomchukia kwa hilo. Walimwona mkali, walimwona anajikuta. Lakini mchezaji akifanya kitu kizuri na Button akakisifia, sifa ile ilikuwa na uzito, kwa sababu kila mtu alijua haigawiwi bure.

Hapo ndipo Bongo inapopigwa chenga. Bongo ina uchambuzi mwingi kuliko mechi zenyewe. Vipindi vya michezo vinaanza asubuhi, vinarudi mchana, vinamalizia usiku. Baadhi ya wanaoketi mle ni wachezaji wa zamani kweli, watu waliovuja jasho, na wapo wanaofanya kazi nzuri. Lakini wapo pia waliogeuka chawa. Jana amemponda kiongozi wa timu, leo kapigiwa simu, kesho anamwita baba. Mchezaji kapoteza mpira mara sita, mchambuzi anasema kijana ana kitu. Kitu gani? Haelezi. Anajua, maana alicheza nafasi ileile, lakini akieleza atapoteza mchongo.

Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Bingwa aliyestaafu amebaki na mtaji mmoja tu: ameona kwa ndani vitu ambavyo shabiki hawezi kuviona. Miguu imechoka, mwili umeongezeka, medali ipo kabatini. Jicho ndilo limebaki. Akilikodisha kwa watu wa kumlipa asifie, hana tofauti na mpiga debe wa stendi. Na mpiga debe angalau anakwambia ukweli kuhusu gari linakokwenda.

Watu wa Simiyu wanaielewa hoja hii bila kuona barafu. Ngoma za Wasukuma zina upinzani wa kizazi na kizazi, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na watu wanahukumu kwa miguu yao: atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ni haki ya wazi kabisa, hakuna jaji wa kuhongwa. Lakini umati nao una udhaifu wake. Kiki inauvuta. Mtu akitoa chatu kwenye gunia, watu wote wanahamia kwake, hata kama wale wa bugobogobo wanarusha majembe na kuyadaka kwa mpigo mmoja kama mashine. Anayejua kutofautisha ufundi na kiki ni mzee aliyewahi kuucheza mchezo huo mwenyewe. Yule mzee ndiye Button wa Usukumani. Swali ni nani amempa maiki.

Jibu ni kwamba wengi hawajapewa. Na siyo wa ngoma tu. Tanzania ina medali mbili za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Bayi huyohuyo ndiye aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza mbio mwanzo mpaka mwisho. Ni vijana wangapi wamewahi kusikia mbio zikichambuliwa redioni, mtu akieleza kwa nini kukimbia mbele muda wote ni hatari na kwa nini siku ile ililipa? Mpira umekula kila dakika ya hewani. Riadha, ngumi na ngoma zinasubiri habari ya msiba au ya ugomvi ndipo zitajwe.

Kuna watakaosema Button alikuwa na bahati. Ni kweli. Alitoka familia yenye uwezo, alikuwa na shahada ya sheria, hakuwa na njaa ya kumlazimisha ajikombe. Mchezaji wa Bongo anastaafu bila pensheni, na maiki inakuwa ndiyo ugali wake. Lawama zote zisimwangukie yeye. Mwenye kituo anayemlipa mchambuzi kwa bahasha za watu wengine, badala ya mshahara, ndiye anayenunua uchawa huo. Lakini hata hapo Button ana cha kufundisha: hakukaa kusubiri kuitwa. Alifungua kampuni yake ya kutengeneza vipindi, na kuanzia mwaka 1973 akaandaa mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa, ili wenzake waliomaliza Olimpiki wapate pa kucheza na cha kula.

Na hakuwahi kuuacha mchezo ubaki stori ya ujana. Mwishoni mwa mwaka 2000, akiwa na miaka 71, alianguka akiteleza na kupasuka fuvu. Alipopona alirudi kutangaza, na akawa anawasemea watu walioumia ubongo.

Tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria iligongana na helikopta ya jeshi Washington. Ndani ya ndege walikuwemo watoto wanaochipukia kwenye mchezo huo, pamoja na wazazi na makocha wao. Hakuna aliyetoka hai. Kesho yake Dick Button akafariki, akiwa na miaka 95. Ndani ya saa chache mchezo ulipoteza waliokuwa wanakuja na yule aliyeuona karibu wote.

Tofauti ni kwamba Button alishasema. Miaka na miaka ya sauti yake ipo kwenye kanda, mtoto yeyote anaweza kusikiliza na kujifunza ruko zuri linafananaje. Wazee wa bugobogobo na wakimbiaji wa miaka ya 1970 hawana kanda za aina hiyo. Simu zipo, bando lipo, na kijana wa Mkula anayejua kurekodi klipu ya sekunde 30 anaweza pia kumkalisha babu mmoja chini ya mwembe na kumuuliza: yule pale kakosea wapi?