Ilani ya Watu wa Kandokando ya Arabuko-Sokoke

Mpango wa usimamizi wa msitu wetu uliandikwa kutumika kuanzia 2002 hadi 2027. Utakaoufuata ndio utakaoamua nani aingie msituni, aokote nini, aweke mizinga wapi. Sisi wa Gede, Jilore, Dida na vijiji vingine vinavyouzunguka tumeunda harakati hii ili usiandikwe bila sisi.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Sheria ya misitu ya 2016 inataka kila msitu wa umma uwe na mpango, na inavitambua vyama vya jamii. Kasoro ni wakati wa kuitwa. Mara nyingi mwananchi huitwa rasimu ikiwa tayari, akasomewa kwa Kiingereza, akasaini mahudhurio, akapewa soda na nauli. Saini yake hiyo ndiyo hugeuzwa ushahidi kwamba ameshirikishwa.

Tunadai kuitwa kabla neno la kwanza halijaandikwa. Mama anayeokota kuni anajua miti ya mirihi imekauka wapi na tembo hutokea njia gani kuyaendea mahindi yetu. Ramani ianzie kwake. Rasimu iwe kwa Kiswahili, ifafanuliwe barazani kwa Kigiriama. Pendekezo letu likikataliwa, tupewe sababu kwa maandishi. Hili ndilo zito kuliko yote, maana kusikilizwa bila kujibiwa tumekuzoea.

Hatuombi msitu ugawanywe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wengi huku walitaka ufyekwe wapate mashamba. Hawakubadilishwa na mahubiri. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo pale Gede, wakulima wakafuga vipepeo wa kuuzwa ng'ambo, na msitu ukaanza kulipa karo.

Nasi tuna letu la kujibu. Mibambakofi na mihuhu haiibwi na wageni peke yao. Wakataji wamo humu humu, wengine ni shemeji zetu. Harakati hii haitawaficha.

Kila kijiji kitachagua watu wawili, mmoja wao mwanamke, wakusanye maoni nyumba kwa nyumba, yaandikwe na kupelekwa kwa Huduma ya Misitu na Kaunti ya Kilifi mapema, bila kungoja mwaliko. Na tukiitwa kusaini mahudhurio tu, tutakuja, tutakaa, kalamu tutairudisha.