Ini Halilindi Mapafu: Mwenye Pumu, Soma Pakiti



Katika shughuli zetu huku ughaibuni, mwenye pumu akikataa juisi ya ndimu ya chupa au zabibu kavu za njano kwenye pilau, hakosi wa kumwambia, "Kula tu, mwili utajisafisha wenyewe." Mimi nasema hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kumfikisha mtu hospitali.

Tunazungumzia salfaiti, dawa inayotiwa kwenye chakula kisiharibike wala kubadilika rangi. Utaikuta mara nyingi kwenye aprikoti kavu, zabibu kavu za njano, nazi kavu ya pakiti, kamba wa kugandishwa, ndimu ya chupa na mvinyo.

Ni kweli kwamba mwili huisafisha. Hata sisi wenyewe hutengeneza salfaiti kila siku tunapovunja protini za nyama, mayai na maharage. Ndiyo maana tuna kimeng'enya cha kuigeuza kuwa salfeti, ambayo haina madhara na hutoka kwa mkojo. Lakini kimeng'enya hicho hakikugawanywa sawasawa. Kwenye ini kipo kwa wingi, kisha figo na moyo. Kwenye mapafu ni kidogo sana.

Sasa fikiria. Ukinywa kinywaji kichachu chenye salfaiti, sehemu yake hugeuka gesi, nawe unaivuta wakati wa kumeza. Inafika kwenye njia za hewa kabla ini halijapata habari! Mtu asiye na pumu kwa kawaida hahisi kitu. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na kuanza kukoroma ndani ya dakika chache. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 3 na 10 katika kila 100 wenye pumu huathirika.

Jambo hili si porojo. Huko Marekani mikahawa ilikuwa ikinyunyizia salfaiti kwenye saladi zionekane mbichi, watu wenye pumu wakafa, na mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku kuitia kwenye matunda na mboga za kuliwa mbichi.

Kwa hiyo usipoteze pesa kununua vidonge vya "kusafisha ini". Tatizo haliko huko. Soma pakiti. Uingereza na nchi za Ulaya, chakula chenye zaidi ya miligramu 10 kwa kilo lazima kitaje neno "sulphites", na namba zake ni kuanzia E220 hadi E228. Marekani tafuta "sulfites" au "metabisulfite".

Kama huna pumu, usianze kuogopa kila kitu. Kama unayo na umewahi kubanwa baada ya kula vitu hivi, mweleze daktari wako, na usiache pampu yako nyumbani. Pampu isiposaidia, piga 999 Uingereza au 911 Marekani bila kusubiri.

Na nyinyi mama zangu na dada zangu mnaotupikia kwenye maulidi, harusi na misiba, nawaomba kitu kimoja: msitupe pakiti mpaka wageni waondoke. Mgeni akiuliza kilichomo, mwonyesheni. Hajadharau chakula chenu, analinda pumzi yake.

Kinga ni bora kuliko tiba.