Kweli Haihitaji Mnadi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo vijana wa shule huyatamka kila saa pasipo kuyapima, mojawapo ni "honestly". Wengi hudhani lina maana moja tu. Nasema lina maana tatu, na ya nchi yetu ambayo hutumiwa ovyo ni ile ya pili.

Neno hili limetoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na shina lake ni heshima. Maana yake ya kwanza ni sifa ya tendo. Mwingereza asemapo "He earned his money honestly", ataka kutujulisha kuwa mtu huyo alichuma mali yake kwa njia ya halali. Maana ya pili ni sifa ya usemi. Neno hutangulia sentensi na kufuatwa na mkato: "Honestly, I do not know." Hapa msemaji ajidhamini mwenyewe, kama sisi tusemavyo "kwa kweli". Maana ya tatu ni mguno wa mtu aliyechoshwa na upuuzi wa mwenziwe, nasi tungesema "Jamani!" Basi mwanafunzi aandikaye "kwa kweli" mahali pote hajatafsiri; amebahatisha.

Walakini kosa la tafsiri ni dogo. Kosa kubwa ni tabia ya kujidhamini kwa kila jambo, liwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Aliyechelewa darasani huanza na "kwa kweli"; asiyelipa deni huongeza "haki ya Mungu"; muuza samaki waliochacha humaliza kwa "wallahi". Tafakari, msomaji: mtu akitangaza kuwa sasa atasema kweli, yale aliyoyasema kabla yalikuwa nini?

Shahidi mahakamani huapa mara moja, kisha hueleza aliyoyaona. Hakimu hapimi ushahidi wake kwa wingi wa viapo. Tazama pia tamthilia ya Othello ya Shakespeare, iliyochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1604. Humo Iago ndiye aitwaye "honest" tena na tena, naye ndiye mwongo kupita wote. Othello aliisadiki sifa asiupime mwenendo, hata akamwua mkewe asiye na hatia.

Wako watakaonijibu kuwa neno hili ni pambo la adabu, na kwamba hulainisha kweli iliyo chungu. Nakubali kwamba lina mahali pake. Mahali hapo ni pale kweli inapomgharimu msemaji: anapomwonya rafiki ampendaye, au anapotoa habari itakayomwondolea faida. Lakini dawa inywewayo kila siku na mtu mzima wa afya haitamfaa siku ya homa. Vivyo hivyo neno la dhamana likitumika katika mambo ya mzaha, siku ya msiba halitasadikiwa na mtu.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana, sema jambo lako wazi, kisha unyamaze. Liweke neno hili akiba, ili siku utakapolitoa, wasikiao wajue kuwa lina uzito.