FAO LIMFIKISHE MFANYAKAZI MWISHO WA MASOMO

Mwenye njaa hasomi. Jambo hili kila mzazi analijua. Lakini mfanyakazi akipunguzwa kazini twamwambia, "Nenda kajifunze ufundi," wala hatumwulizi yeye na watoto wake watakula nini wakati huo.

Sheria ya mwaka 2018 iliweka nchini Tanzania fao la kukosa kazi. Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyechanga kwa miezi 18, akipoteza kazi bila kujiuzulu, alipewa haki ya kulipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Hiyo si sadaka, ni jasho lake. Lakini ufundi wa umeme au wa kuchomea vyuma haukamiliki kwa miezi 6. Mtu akihesabu siku, anaona fao litakwisha naye yu katikati ya masomo. Basi haendi chuoni kabisa. Anashika kibarua chochote, na kesho kutwa nacho kinaota nyasi.

Na hayo si ya kwetu tu. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, Marekani iliongeza muda wa malipo ya wasio na kazi kutoka wiki 26 hadi kufika 99 katika majimbo yaliyoumia zaidi. Tena mwaka 2009 Rais Obama aliyahimiza majimbo yasiwanyime malipo walioingia darasani, maana kanuni zilimtaka mtu awe tayari kwa kazi wakati wowote. Mwaka 2015 wachunguzi Andrew Barr na Sarah Turner walionyesha kuwa muda wa malipo ulipoongezwa, watu wasio na kazi walioingia vyuoni nao waliongezeka.

Wapo watakaosema malipo marefu huzaa uvivu, na kwamba fedha za mfuko ni za wanachama wote. Ni kweli fedha hizo si za kutapanywa. Kwa hiyo twasema: anayehudhuria chuo aongezewe muda mpaka amalize, na mahudhurio yake yakaguliwe kila mwezi. Akiacha masomo, nyongeza ikome. Fundi aliyehitimu atarudi kazini na kuchangia mfuko miaka mingi. Wa vibarua atachangia lini?

Tuliapa kupigana na ujinga na umaskini. Hapa maadui hao wawili wamesimama mlango mmoja. Tusimpe askari wetu risasi za nusu ya vita.

Uhuru na Kazi!