Paking ufukweni Bukoba: mteja halalamiki, anabadilisha njia

Desemba ikikaribia, Bukoba inabadilika sura. Pale Rwamishenye yanaanza kupita magari yenye vumbi la safari ndefu ya kutoka Dar, Arusha na Mwanza. Mengine yameingilia Mutukula na yana namba za Uganda. Watu wa Kagera wanarudi kwao, na tangu mkoa uanzishe tamasha la Ijuka Omuka, yaani "kumbuka nyumbani" kwa Kihaya, wito huo umekuwa rasmi.

Siku ya kwanza ni ya kusalimia wazee. Ya pili au ya tatu, watoto wanataka ziwani. Noah inajaa, inafika kwenye geti la moja ya fukwe za mji, na kijana mwenye reflekta anasogea dirishani. Hapo linakuja swali ambalo nyumbani hakuna aliyelipigia hesabu: paking shilingi ngapi?

Hela yenyewe mara nyingi ni noti moja tu. Lakini ndiyo hela inayopandishwa kirahisi kuliko zote mahali pa starehe, na jinsi wageni wanavyoipokea inagusa biashara ya ufukwe kuliko wenye mageti wengi wanavyodhani.

Kwa nini paking ndiyo hupanda kwanza

Ukipandisha bei ya sato wa kuchoma, mteja anaiona kwenye menyu. Anaagiza mdogo, au anahamia kwa jirani. Ukipandisha soda, anaikumbuka bei ya dukani. Paking haina duka la kulinganisha. Mtu anaijua akiwa ameshafika, watoto wameshavua viatu, na nyuma yake kuna gari linapiga honi. Atalipa tu.

Wenye bustani kubwa za michezo duniani wanalijua hili zamani. Disneyland ya California ilipofunguliwa mwaka 1955, kuegesha gari kulikuwa senti 25 za dola. Ukiipandisha senti hiyo kwa mfumuko wa bei wa miaka yote iliyofuata, leo ingekuwa kama dola 3. Bei ya sasa imevuka dola 30. Disney World ya Florida, iliyofunguliwa 1971, ilianza na senti 50, nayo imeshafika dola 30. Kweli, California walijenga maghorofa ya kuegeshea magari, na ghorofa si bure. Ila ghorofa peke yake halielezi bei kupanda zaidi ya mara kumi kuliko maisha yalivyopanda.

Wageni walifanya nini? Wengi walilipa. Wengine California wanachukua hoteli za jirani kwenye barabara ya Harbor Boulevard na kuingia kwa miguu. Wenye tiketi ya mwaka ya Florida hawalipi paking ya kawaida, kwa hiyo mtu anayekwenda mara nyingi anaiweka kwenye hesabu ya tiketi.

Kuna sehemu moja tu ambako kampuni ilirudi nyuma. Mwaka 2018 Disney World ilianza kuwatoza paking ya usiku hata wageni waliolala kwenye hoteli zake yenyewe. Watu waliona ni uonevu, maana chumba walikuwa wameshakilipia pesa nyingi. Januari 2023 ada hiyo ikafutwa kwa wanaojiegeshea wenyewe. Ile ya getini ikabaki, na imeendelea kupanda.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Bei ya getini ni kubwa, lakini mgeni anaijua kuwa ni bei ya kuingia na gari. Ile ya hotelini ilimfanya ajione analipishwa mara mbili kwa kitu kimoja, na hiyo ndiyo hakuimeza.

Dar es Salaam 2021

Hapa kwetu somo kubwa la paking lilitoka barabarani. Mwaka 2021 TARURA ilileta mfumo wa kielektroniki wa kukusanya ushuru wa maegesho, TeRMIS, na Dar es Salaam ukaanza kutumika mwezi Septemba. Bei ilikuwa Sh500 kwa saa. Mkusanyaji anaingiza namba ya gari kwenye mashine, dereva anaondoka zake, deni linabaki kwenye mfumo likisubiri kulipwa kwa simu.

Kwenye karatasi ni kitu kizuri. Hakuna noti inayoishia mfukoni mwa mtu, hakuna kubishana dirishani. Mtaani mambo yakawa mengine. Watu walikuta madeni wasiyoyakumbuka, na juu ya deni faini iliyolizidi deni lenyewe mara nyingi. Malalamiko yalikuwa ya aina hii: sikuambiwa, sikuona karatasi, sikuegesha hapo. Desemba 2021 Ummy Mwalimu, wakati huo Waziri wa TAMISEMI, akausimamisha utozaji huo kwa muda ili kasoro zirekebishwe.

Linganisha na Nairobi. Mwishoni mwa 2013 kaunti iliipandisha ada ya kuegesha katikati ya jiji kutoka Sh140 hadi Sh300 za Kenya kwa siku. Pale kelele zilikuwa za bei yenyewe, zaidi ya mara mbili kwa mpigo mmoja. Dar kelele zilikuwa za kutojua. Ukiniuliza ipi inaharibu zaidi, nitasema ya kutojua. Bei kubwa mtu anaipangia bajeti. Deni la kushtukiza linamfanya awe na wasiwasi na kila mtu mwenye reflekta, hata yule anayefanya kazi yake kwa haki.

Noah ya watu saba, IST ya wawili

Turudi Bukoba, na tupige hesabu ya mfano. Tuseme geti linatoza Sh2,000 kwa gari. Noah ya watu saba, kila kichwa hakifiki hata Sh300. IST ya mtu na mchumba wake, kila mmoja elfu nzima. Bei ni ile ile lakini uzito hauko sawa.

Bei ya kwa gari siku zote inawafundisha watu kujazana. Ngorongoro ni mfano mzuri. Ada ya gari la watalii kushuka kreta inahesabiwa kwa gari, dola 250, na ukiweka VAT inafika 295. Mtalii wa peke yake akiiona hiyo hesabu anatafuta wenzake wa kuchangia Land Cruiser. Hakuna aliyemshauri, bei ndiyo imemsukuma.

Ufukweni Bukoba msukumo huo unaenda pande mbili.

Wa kwanza ni mtu wa mjini. Bukoba si kubwa. Kutoka Soko Kuu hadi ziwani unatembea, na kutoka Kashai, Hamugembe au Miembeni bodaboda inakufikisha upesi. Paking ikikaribia nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, gari linabaki nyumbani. Mwenye kaunta anaweza hata kufurahi, kwa sababu asiyeendesha anakunywa bila kumwaza trafiki. Lakini huyo huyo hatakuja na watoto watatu juu ya bodaboda, na jua likizama anaanza kuangalia saa. Umempata mnywaji, umepoteza familia.

Wa pili ni mtu wa mbali. Yule wa Muleba mjini ana zaidi ya kilomita 60 za kuja, na wa Kamachumu naye hana njia fupi. Hawa hawana bodaboda ya kuwaokoa. Watalipa chochote utakachowaambia getini, na ndiyo maana inashawishi kuwapandishia. Ila nao wana jibu lao, nalo liko kwenye buti: sufuria ya ndizi iliyofungwa kitambaa, samaki wa kukaanga, kreti ya soda. Elfu mbili tatu iliyochukuliwa getini inarudishwa kwa kutonunua chipsi kuku za watoto wanne. Na wewe mwenye ufukwe ukiweka tangazo kwamba vyakula vya nje haviruhusiwi, umefungua vita nyingine ambayo itapiganwa na mhudumu wako, tena mbele ya bibi wa mtu.

Ndiyo maana takwimu za getini zinaweza kumdanganya mwenye biashara. Magari yanaingia, hela ya paking imeongezeka, anaona mambo mazuri. Hasara iko jikoni, na jikoni hakuna anayeiita hasara ya paking.

Wenye mageti nao wana hoja

Tusiwaonee. Ardhi ya kando ya ziwa ni chache na haiongezeki, tena wakati mwingine inapungua. Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena 2024, na maji yakala fukwe na majengo nchi zote tatu zinazolizunguka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Kwa hiyo sehemu ya kuweka magari hamsini siku ya Boxing Day haipatikani kwa kusema tu. Mtu akiitenga, akaimwagia kifusi, akaweka taa na mlinzi, ana haki ya kudai kitu.

Tatizo linaanza pale anapodai kitu bila kutoa kitu.

"Kwa hatari yako mwenyewe"

Wengi tumeuona ule ubao: egesha gari kwa hatari yako mwenyewe. Unalipa, unapewa kikaratasi, na kikaratasi kinakwambia kioo kikivunjwa usije kuuliza. Sasa nimelipia nini?

Swali hili lina umri. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Ashby dhidi ya Tolhurst, na mambo yake yangeweza kutokea ufukwe wowote. Mtu aliacha gari kwenye eneo la kuegeshea Southend, mji wa kando ya bahari, akalipa shilingi moja na kupewa tiketi. Aliporudi akakuta mhudumu ameshamruhusu mtu mwingine kuondoka na gari hilo. Mahakama ikasema alichonunua kwa shilingi yake ni ruhusa ya kuliacha gari pale. Ulinzi hakuununua.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina masharti juu ya mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake: anatakiwa aitunze kama mtu wa kawaida mwenye busara anavyotunza ya kwake. Kwa hiyo ubishi wote unakuja kwenye neno moja, kukabidhi. Ukifunga gari na kuondoka na ufunguo, ni vigumu kusema umelikabidhi. Lakini mara nyingi siku ya watu wengi kijana anakwambia, "Niachie funguo bosi, nitalisogeza wengine wakitaka kutoka." Hapo ameshika gari lako mkononi, na ubao wa hatari yako mwenyewe hauna tena nguvu ile ile.

Mimi nadhani hapa ndipo penye jibu la kwa nini wageni wengine hulipa elfu tatu bila neno, na wengine huikasirikia elfu moja. Kwenye elfu tatu kuna uzio, taa, na mtu anayejua gari lipi ni la nani. Kwenye elfu moja kuna kijana ambaye ukirudi saa mbili usiku hayupo.

Kinachoweza kufanyika kabla ya Krismasi

Kuna mtindo ambao kumbi na fukwe kadhaa za Dar wanautumia kwenye kiingilio: unalipa mlangoni, kisha hela hiyo unaipata kwenye kinywaji au chakula. Paking ingeweza kwenda hivyo hivyo. Lipa elfu mbili getini, ukileta tiketi kaunta inakatwa kwenye bili. Anayekuja kula hakuona ada. Anayekuja kuegesha tu halafu aende zake mjini, ameilipa. Ugumu wake ni wa hesabu, maana mara nyingi geti amepewa mtu mmoja na jiko lina mwingine, na wawili hao hawaaminiani. Hilo ni la wao kukaa na kumaliza.

La pili halina gharama: kibao cha bei kiwekwe njia panda, kabla ya kona ya kuingilia. Mtu aione akiwa bado anaweza kugeuza gari. Wachache watageuza, na wanaoingia hawatafika getini na kinyongo.

La kuongeza bei mara mbili wiki ya Krismasi, linavutia, najua. Ila mgeni wa wiki hiyo ndiye mwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima, na picha ya tiketi inafika Kashozi na Nshamba kabla sato wake hajaiva.

Kwa mwenye gari anayepanga kwenda ziwani mwezi huo, mambo ni machache. Uliza bei na saa za mlinzi kabla hujaingia. Omba risiti, hata kama ni ya elfu moja. Ukiombwa funguo, uliza jina la anayezichukua na yuko zamu hadi saa ngapi. Na kama nyumbani mko saba, shemeji aliyekuja na IST yake mwambieni aiache kwa wazee, Noah inatosha.