Shaba isirithishwe na kihamba

Kwa miongo mingi wakulima wa kahawa wa Moshi na vijiji vya mlimani wamepulizia mibuni dawa zenye madini ya shaba ili kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Dawa hizo zimeokoa mavuno mengi. Tatizo ni kwamba shaba haiozi. Inaposhuka na mvua, hubaki kwenye udongo.

Humo wamo bakteria wanaoozesha majani na samadi. Shaba ikizidi huzalisha ndani yao kemikali kali za oksijeni zinazounguza utando na chembe za urithi. Bakteria hujikinga kwa kuisukuma shaba nje na kutengeneza vimeng'enya vya kuzima kemikali hizo. Lakini nguvu inayokwenda kwenye kujikinga hupungua kwenye kazi ya kurutubisha udongo.

Tangu mwaka 2005 TaCRI ya Lyamungu imetoa aina za kahawa zinazostahimili magonjwa hayo mawili. Wakati umefika kwa halmashauri na vyama vya ushirika kugharamia miche hiyo na upimaji wa udongo kabla ya ruzuku ya dawa. Kihamba hurithiwa na watoto, pamoja na shaba iliyomo.