Pikipiki ya mbio ifike uwanjani bila kukomba mfuko

Ikiwa nyumbani kwako kuna kijana aliyetekwa na motokrosi, zile mbio za pikipiki za kuruka vilima vya udongo, basi unalijua swali linalozua mvutano kila mashindano yanapokaribia. Pikipiki itafikaje uwanjani?

Wazazi wengi hupiga hesabu ya pikipiki, kofia, mabuti na kinga ya kifua, wakasahau usafiri. Kumbe huo ndio mzigo hasa. Pikipiki hununuliwa mara moja, lakini kila siku ya mazoezi au ya mbio ina safari mbili: ya kwenda na ya kurudi. Usipolipanga jambo hili mapema, kijana ataacha mchezo si kwa kukosa kipawa, bali kwa kukosa gari.

Kwanza tuondoe wazo moja kichwani. Kuna mzazi atakayesema, "Si aiendeshe tu mpaka huko?" La hasha! Pikipiki ya motokrosi haina taa, haina vioo wala nambari ya usajili. Sheria za Kenya zinataka chombo chochote cha barabarani kisajiliwe na kiwe na bima. Hata kama unaishi Woodley na mbio ziko Jamhuri Park, pale pale jirani, pikipiki hiyo haina ruhusa ya kukanyaga Barabara ya Ngong.

Basi tutazame njia nafuu.

Anza kwa kujua uzito wa unachobeba. Pikipiki ya mtoto mdogo, ya 50cc, ina uzani wa kilo 40 hivi. Ya 85cc hukaribia au hupita kilo 70. Ya mtu mzima, 250cc, ni kilo 100 na zaidi. Usikodishe lori kubeba kitu ambacho wanaume wawili wanaweza kukiinua.

Ile ndogo ya 50cc yaweza kuingia katika gari kama Probox. Laza viti vya nyuma, tandika turubai kuukuu, na ikibidi fungua gurudumu la mbele. Pima kwa futi kabla ya siku yenyewe, usingoje alfajiri ya mbio. Ikiwa ni lazima ilale, mwaga petroli yote kwanza. Fungua madirisha njiani, kwa sababu mvuke wa petroli ndani ya gari ni hatari.

Pikipiki kubwa yahitaji pikapu, na hapa ndipo palipo na siri ya kuokoa pesa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Pikapu ya kawaida yaweza kubeba pikipiki mbili, na zikiwa ndogo hata tatu. Tuseme mwenye gari anataka Sh4,500 kwenda na kurudi. Familia tatu zikichanga, kila moja hutoa Sh1,500. Zungumzeni mkiwa uwanjani siku ya mazoezi, kwani wazazi wenzako wana shida ile ile. Mpatane bei ya siku nzima, na muulize iwapo bima ya gari hilo inaruhusu kubeba mizigo ya watu kwa malipo.

Kwa safari ndefu, tafuta lori linalorudi tupu. Malori mengi hupanda kutoka bandari ya Mombasa yakiwa yamesheheni, kisha hushuka bila mzigo. Kwa hivyo, mkialikwa Pwani kutoka Nairobi, dereva wa lori kama hilo atakubali bei ya chini. Lakini usijidanganye kuwa kurudi kutakuwa rahisi vivyo hivyo: wakati huo kila lori lina mzigo wake. Pangeni kurudi kabla ya kuondoka.

Ikiwa mna gari dogo na mtoto ameupenda mchezo kwelikweli, fikirieni trela. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kariobangi Light Industries, huunda trela kwa vipimo utakavyo. Familia mbili zaweza kuinunua pamoja. Kumbuka tu kwamba trela nayo husajiliwa na kupewa nambari yake inayoanza kwa herufi Z, na lazima iwe na taa za nyuma.

Sasa, msomaji, kuna mahali ambapo hupaswi kubania shilingi: mikanda ya kufungia. Usitumie blada, ile mipira ya watu wa bodaboda, kwa kuwa huvutika na pikipiki hucheza. Nunua mikanda minne ya mizigo yenye kikazio cha chuma. Itadumu miaka ukiitunza isiloe na isikae juani.

Pandisha pikipiki kwa ubao mpana, injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja kila upande. Gurudumu la mbele liguse ukuta wa mbele wa pikapu. Kunja kile chuma cha kusimamishia. Funga mikanda miwili kutoka kwenye usukani, mmoja kulia na mmoja kushoto, ivute chini na mbele, kisha ukaze mpaka springi za mbele zishuke kama nusu hivi. Kipande cha mti kati ya tairi na madigadi huzuia springi zisibanwe kupita kiasi na kuvujisha mafuta. Mikanda miwili iliyobaki hushika sehemu ya nyuma isirukeruke. Baada ya kilomita chache, simamisha gari ukague tena. Barabara yenye mashimo hulegeza hata kilichofungwa na fundi.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Usikubali watoto wapande nyuma pamoja na pikipiki, eti "kuishikilia". Dereva akifunga breki ghafla, mtoto hana nguvu za kuzuia chuma cha kilo 70, na hakuna mkanda unaomshika yeye mwenyewe. Pikipiki ikifungwa sawasawa haihitaji kushikwa. Na kama gari halina nafasi ya mtoto kuketi mbele, mpandishe matatu akutane nanyi huko. Nauli hiyo ni pesa kidogo mno kulinganisha na bili ya hospitali.

Mwanao avae kofia na kinga zake zote uwanjani, lakini ulinzi wake uanzie pale pale langoni mwenu, kabla gari halijaondoka.